Pua Iliyopanda Lori Kwenda Mbeya

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu Oliva, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, baridi ya kijijini kwetu Mollo inauma, na ng'ombe hawakutaka kazi. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Nimeshika kamba mbele ya ng'ombe wa plau, na babu yako, yaani baba yangu, yuko nyuma ameikandamiza plau ardhini. Dume moja likageuza kichwa kumtishia mwenzake, na mimi nilikuwa katikati yao. Pembe ilinikosa. Fuvu halikunikosa. Niliona nyota mchana kweupe, na nilipojishika uso mkono ulirudi umejaa damu.

Nakusimulia haya leo kwa sababu nimeupata ujumbe wako. Nimeiona na ile picha uliyoitengeneza kwenye simu, uso wako na pua isiyo yako. Umeniuliza, "Shangazi, nikapunguze pua yangu Dar es Salaam kabla ya harusi, au niache? Baba hataki hata kunisikiliza." Baba yako ni mdogo wangu, namjua, akikasirika huziba masikio. Mimi sitakufokea. Tena katika ukoo huu wote ni mimi peke yangu niliyewahi kulala kwenye meza ya upasuaji kwa ajili ya pua, kwa hiyo umemuuliza mtu anayehusika.

Basi, walinikanda kwa maji ya moto na chumvi, tukadhani nimepona. Uvimbe ulipokwisha, pua ilikuwa imelala upande wa kushoto na tundu moja limeziba. Nilikoroma mpaka wadogo zangu wakahamia chumba cha mahindi, na baba yako ndiye aliyetangulia kubeba mkeka. Msimu wa mavuno ulipopita babu yako alinipeleka Mbeya, kwenye hospitali kubwa, akaniacha kwa ndugu yetu mmoja aliyekuwa akifanya kazi huko. Daktari alinitazama puani kwa taa, akasema mifupa imeshika vibaya, itabidi aivunje tena na kuipanga upya.

Unajua nilifanya nini? Nilifurahi! Pua yetu unaijua, pana, imekaa usoni kwa raha zake. Shuleni niliitwa majina yote kwa ajili yake. Nikajiambia, kama itavunjwa na kupangwa upya, kwa nini ipangwe vilevile? Kule nilikofikia kulikuwa na kalenda ya zamani ukutani, ina mwanamke anayetangaza sabuni, mwenye pua nyembamba. Nikaomba ile karatasi, wakanipa, nikaikunja na kwenda nayo kwa daktari.

Aliikunjua akaitazama kwa muda.

"Huyu ni nani wako?"

"Si mtu wangu, daktari. Nataka niwe hivi."

Hakunicheka, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Aliniambia kwamba ngozi ya pua yangu ni nene, na mfupa laini wa nchani ni mlegevu. Akichonga sana ndani, ngozi haitanywea kama ninavyodhani. Itabaki imekaa juu kama koti la kuazima, na njia ya hewa, ambayo ndiyo iliyonileta, itabana zaidi. Akasema anaweza kupunguza kidogo kama nikitaka sana, lakini pua ya yule mwanamke hawezi kuipata kutoka kwenye uso wangu. "Kwanza nataka kujua ulikuwaje kabla ya ng'ombe," akasema. "Mwambie baba yako alete picha inayoonyesha pua yako vizuri. Ukishaiona, utaniambia unataka nini."

Picha! Mwanangu, wewe unapiga picha hata ugali kabla ya kuula. Mimi nilikuwa na picha moja tu duniani, ya kipaimara, tumesimama watoto kibao mbele ya kanisa, na uso wangu una ukubwa wa punje ya ulezi. Ujumbe ukatumwa kwa dereva wa lori la mahindi, ukafika Mollo. Babu yako akaitazama ile picha ya kipaimara, akaona haifai. Lakini tangu nizaliwe watu walikuwa wakiniambia nimechukua sura ya shangazi yangu Leokadia wa Laela, yote, bila kupunguza. Babu yako hakuona sababu ya kuhangaika. Alikwenda Laela akamchukua dada yake, wakapanda lori wote wawili.

Nilikuwa nimekaa mbele ya daktari mlango ulipofunguliwa. Akaingia baba, nyuma yake Shangazi Leokadia amevaa kitenge chake cha Pasaka, vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Daktari akainuka.

"Shikamoo mama. Karibuni. Mmeleta picha?"

"Marahaba, mwanangu," akasema Shangazi, akavuta kiti akaketi, akainua kidevu. "Unaitazama."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu aliona kwamba watu hawa hawafanyi utani. Akamgeuza Shangazi kuelekea dirishani, akachukua rula, akapima huku na huku, akamtazama kwa mbele na kwa ubavu, akachora kwenye karatasi. Shangazi alikaa wima kama anayepigwa picha studio. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Walipomaliza, daktari aliniwekea mezani ile kalenda na ule mchoro, akasema nitampa jibu kesho yake.

Tulitoka nje tukaketi kwenye benchi la wagonjwa. Nilingoja kugombezwa. Shangazi aliomba aione kalenda. Akaitazama, akasema, "Mzuri." Ndipo akaniuliza kama nakumbuka msiba wa kule Ilemba, wa ndugu wa babu yangu. Nikasema sikwenda.

"Nilikwenda mimi," akasema. "Nilikuwa sijawahi kukanyaga kule. Nimefika sijasalimia mtu, sijasema jina langu. Wazee waliokuwa kwenye mkeka wamenitazama usoni, wamesogea, wamenipa nafasi katikati ya watoto wa marehemu. Bibi mmoja akanishika pua hivi, akaanza kulia upya. Huyu wa sabuni akifika Ilemba atapewa kiti cha mgeni, na atahudumiwa vizuri sana. Mimi sikupewa kiti. Nilipewa nafasi yangu."

Kisha akanirudishia karatasi. "Lakini wewe ndiye utakayepumua nayo. Mimi yangu ninayo. Nimekuja ili unapoiacha uwe umeiona, basi."

Sikulala kwa kufikiri. Watu wengi walikuwa wamenisema kwa ajili ya pua ile, na nilikuwa sijawahi kumsikia mtu anayeijivunia. Asubuhi nilimwambia daktari anipe ya Shangazi. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, manesi wakageuka. Nakwambia kweli, sijawahi kujisikia mrefu kama siku ile, na unajua mimi ni mfupi.

Sasa nikueleze kilichofuata, maana hicho hutakiona kwenye simu. Niliamka nimefungwa plasta, pua imejazwa vitambaa, napumua kwa mdomo, koo limekauka kama ganda la muhindi. Nilitapika damu niliyokuwa nimeimeza. Macho yalivimba yakawa meusi, na nilipoomba kioo nililia, nikaamini wameniharibu. Nilikatazwa kupenga kamasi, kuinama, kubeba mzigo, hata kucheka sana, na ukikaa na Shangazi Leokadia kutocheka ni adhabu. Plasta ilipotoka bado pua ilikuwa nene kuliko ya ng'ombe aliyenipiga. Ilipungua polepole mno. Mavuno mengine yalifika ncha yake ikiwa bado na ganzi. Na haikunyooka yote. Ukinitazama vizuri utaona bado imeegemea kushoto. Daktari alikuwa ameniambia mapema kwamba hataweza kuahidi mstari wa rula. Lakini hewa inapita matundu yote mawili, na nilipokwenda Laela watoto wa Shangazi walinipokea kwa vigelegele.

Mwanangu, sikukatazi. Wapo watu ambao upasuaji wa namna hii umewapa amani, na pua ni yako. Ninachokuomba ni uende ukijua. Nenda kwa daktari bingwa wa kazi hiyo, hospitalini, umwone uso kwa uso. Usimkubali dada wa saluni anayechoma sindano za kunyoosha pua. Muulize daktari amewafanyia wangapi wenye ngozi kama yako, uwaone kama inawezekana. Muulize habari ya kubana kwa hewa, na kovu linalovimba, maana mama yako kovu lake la operesheni unalijua. Muulize pia ikitoka vibaya nani atairekebisha, kwa sababu kurudia ni kugumu kuliko mara ya kwanza. Mtajie dawa zote unazokunywa, na zile za mizizi usizozitaja kwa watu, zipo zinazofanya damu itoke bila kukatika. Akikuahidi pua ya kwenye simu, inuka uondoke.

Na harusi yako ni baada ya Pasaka. Ukifanya sasa, utapigwa picha za harusi ukiwa umevimba. Hilo tu lingetosha kukufanya usubiri.

Ila kuna swali moja ambalo daktari hatakuuliza kama ninavyokuuliza mimi. Nani alianza? Kama ni wewe, tangu zamani, na ungeitaka hata ukiwa unaishi peke yako juu ya mlima, hiyo ni habari nyingine. Lakini uliniandikia kwamba ni yule kijana wako wa Mbeya, aliyekwambia ukiipunguza kidogo utakuwa poa. Huyo mlete hapa Sumbawanga. Nitampikia ugali wa ulezi na kumkalisha mbele yangu ale huku ananitazama. Kama hawezi kumaliza sahani akiitazama pua hii, heri tujue kabla ya vikao vya harusi.

Tena ujue jambo moja, Oliva. Daktari anaweza kukubadilisha wewe. Mtoto utakayemzaa hawezi kumgusa. Huyo atakuja na pua hii hii, ile ya Laela na ya Ilemba, na siku moja atasimama mbele ya kioo, akuangalie wewe, ajiangalie yeye, akuulize kwa nini hamfanani.

Fanya utakaloamua, nikiitwa kukusindikiza hospitali nitakuja, na nikiitwa kucheza harusini nitacheza zaidi. Mungu akulinde, akupe pumzi tele na mume anayekutazama bila kutafuta cha kupunguza. Na mtoto huyo atakapouliza, Mungu akujalie jibu la kumpa ukiwa umeinua uso.