Kwa Kuwa, Kwa Kuwa, Kwa Kuwa

Wewe unayeanza kazi ya ukalimani mahakamani, nisikilize kidogo. Sauti yangu haifiki mbali tena kama zamani. Siku yangu ya kwanza, hapa Lubumbashi, Karani Mkuu hakuniuliza kama najua Kifaransa. Aliniuliza kama naweza kusema "mimi" bila kujifikiria mwenyewe.

"Mushitakiwa akisema 'niliiba', na weye useme 'niliiba'. Usiseme 'anasema aliiba'. Na usimutangulie juge hata neno moja, mama. Yeye eko locomotive, weye uko wagon."

Wazazi wangu walitoka Kasai, nami nilifundishwa Kiswahili cha vitabu shuleni, hivyo nilidhani lugha ninayo. Mimi nilisema "mtu" na "watoto". Watu ukumbini walisema "muntu" na "batoto". Usihangaike na hilo. Kila Kiswahili kina utaratibu wake, na anayekisema tangu utotoni hakosei. Nilipopelekwa Mokambo, mpakani na Zambia, Kibemba kiliingia katikati ya sentensi kama mgeni asiyebisha hodi, na mfanyabiashara mmoja wa Kivu akanicheka: "Mama, Kiswahili yenu ya Katanga iko sawa sombe bila chumvi!" Nikamwambia leo atakula kisamvu hicho hicho.

Kilichonielemea nilikikuta niliporudishwa mjini. Hukumu ya Kifaransa ina umbo lake. Ni sentensi moja ndefu, hata ikijaza kurasa. Kila aya inaanza na "attendu que", yaani "kwa kuwa", na kitenzi kinachoamua jambo kinangoja mwishoni kabisa. Wanasheria wamezoea kungoja. Mtu wa kawaida hajazoea. Kwake, hakimu akiitaja haki yake, basi amempa.

Mama Ngoie alikuwa mjane wa Annexe, pembezoni mwa mji. Mtu mwingine alidai parsele yake, kile kiwanja alichojenga nyumba na kulea wajukuu. Hakimu alisoma, nami nikafuata aya kwa aya: kwa kuwa mama huyu ameishi pale miaka mingi, kwa kuwa ndiye aliyechimbisha kisima, kwa kuwa majirani wanamshuhudia. Kila "kwa kuwa" ilimwinua kichwa. Akamshika mkono dada yake mkubwa.

"Unasikia, yaya? Banasema kisima ni yangu! Tunashinda!"

Akapiga vigelegele. Mimi nilijua. Hakimu yule alikuwa na desturi ya kusoma kwanza hoja za atakayeshindwa.

Ukumbi ulipotulia, akaendelea: lakini kwa kuwa hana hati, kwa kuwa mwenzake anayo, kwa sababu hizi, mahakama inamwamuru ahame. Nikasema na hayo, kwa sauti ile ile. Kwa kipimo cha Karani Mkuu, sikupoteza hata neno.

Mama Ngoie alinifuata barazani. Hakulia.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Basi juu ya nini uliniacha napiga vigelegele mbele ya bantu? Nyumba banaikamata, sawa. Lakini ile furaha, ni weye njo uliniletea."

Nilimwendea Hakimu, nikamwomba asome uamuzi kwanza.

"Mama, ile njo forme ya sheria," akasema bila ukali. "Siwezi kuanzia mukila." Akafunga faili, akanitazama. "Lakini nitasoma yote mupaka mwisho, kisha weye utasema. Panga vile unaona."

Tangu siku hiyo nilisubiri akamilishe, ndipo nikageuka kwa watu na kuanza na mkia. Wengi waliangua kilio mapema, lakini hakuna aliyepiga vigelegele bure.

Sasa nimestaafu. Nikipita Annexe naona ukuta mpya umezunguka pale, na kisima kimebaki ndani. Mama Ngoie alihama na wajukuu. Majirani hawajui alikoelekea. Ningependa ajue kwamba maneno yake ndiyo yaliyonifundisha kazi.

Ukitumwa kupeleka habari mbaya, mkalishe mtu, mwambie mwisho kwanza, kisha nyamaza mpaka yeye mwenyewe akuulize kwa nini.