Mashine Inayojua Kusimama Yenyewe

Shuleni kwetu Shinyanga hapakuwa na maabara iliyostahili kuitwa maabara, ila palikuwa na mwalimu wa fizikia asiyekubali kushindwa, na hilo ndilo lililotuponza. Katika jarida fulani la zamani aliona picha ya wanafunzi wa Ulaya wameizunguka roboti waliyoiunda wenyewe. Akaikata picha ile, akaibandika juu ya ubao. "Hawa nao hawana pembe," akatuambia. Ndivyo klabu ilivyoanza: wavulana watatu na mimi, sote kidato cha tatu, tukikutana kila Jumamosi katika banda la useremala nyuma ya bweni.

Hatukuwa na mota wala betri. Tulikuwa na vipande vya baiskeli, nondo, na gurudumu kubwa la meno lililotoka kwenye mashine ya kusaga iliyokufa. Gurudumu lile tulipewa na mzee wa Kihindi mwenye duka la vipuri, baada ya mwalimu kumsumbua wiki tatu mfululizo. "Chukua, mwalimu," mzee alisema, "lakini ukilirudisha hapa, mimi silipokei." Tulilibeba wawili wawili kwa zamu mpaka shuleni, tukicheka njia nzima.

Wazo la mashine lilikuwa langu. Nasema hivyo wazi kwa sababu kwa miaka mingi nimelisikia likisemwa kuwa la mtu mwingine.

Kaka yangu alikuwa mchimbaji wa dhahabu huko Geita, na yeye ndiye aliyekuwa akinisomesha. Alipokuja nyumbani likizo alitusimulia kuhusu winchi. Ni gogo linalolazwa juu ya mdomo wa shimo, likafungwa kamba, na kila upande likawekwa mkono wa chuma wa kuzungushia. Wanaume wawili huzungusha, na kamba hupandisha mawe au hupandisha mtu. Mkono ukiwaponyoka, gogo huzunguka lenyewe kwa kasi, na kilichoning'inia hurudi chini. Kaka alikuwa amemzika mwenzake kwa namna hiyo. Alisimulia huku anakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kama mtu anayeeleza bei ya pamba, nami sikulala vizuri wiki nzima.

Nikapeleka jambo hilo klabuni. Mwalimu alitembea huku na huku, kisha akasema, "Roboti ni nini? Ni mashine inayojua jambo bila kuambiwa. Yetu itajua jambo moja tu. Ukiiachia, isimame yenyewe."

Basi tukaunda. Gurudumu la meno lilikaa mwishoni mwa gogo, na juu yake tukalaza kidole cha chuma. Ukipandisha mzigo, kidole kinaruka jino baada ya jino. Ukiachia, gogo linataka kurudi nyuma, kidole kinang'ata, na mzigo unabaki ulipo. Anayetaka kushusha anakiinua kidole kwa kamba ndogo. Michoro yote niliichora mimi kwenye daftari la jiografia. Nilimwandikia kaka barua nikamuuliza shimo lina urefu gani, mawe yana uzito gani, kamba ina unene gani. Alinijibu kwa penseli, barua ikaletwa na kondakta wa basi, kila swali na jibu lake.

Swali moja sikuuliza, nalo ni hili: kamba inapita juu ya gogo au chini yake? Singeweza kuliwaza. Winchi sikuwahi kuiona, kwa kuwa mwanamke hakuruhusiwa kukaribia shimo la dhahabu. Nilichokijua ni kisima. Nilichota maji tangu nina miaka sita, na katika visima vyote nilivyovijua kamba ilipita juu. Nikaiunda mashine ya machimboni kwa akili ya mchota maji.

Kwenye maonyesho ya sayansi ya mkoa tulipandisha gunia la mbegu za pamba, mwalimu akaachia mikono yote miwili, gunia likabaki hewani. Watu walipiga makofi mpaka mgeni rasmi akasimama. Aliyeeleza mashine inavyofanya kazi alikuwa kiongozi wa klabu, mvulana mrefu mwenye sauti nzuri. Mimi nilishika gunia lisiyumbe. Siku ile sikuona ubaya wowote, nilifurahi kama mjinga.

Likizo ya Desemba mwalimu akaazima pikapu, tukaenda Geita kuifunga mashine kwenye shimo la akina kaka. Shule haikuwa na habari. Tulilala Kalangalala kwa shemeji yake mwalimu, asubuhi tukafika machimboni. Kaka alikuja kunipokea, uso na nguo vyeupe kwa vumbi la mawe.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mayu." Ndivyo alivyoniita tangu utoto, kama Wasukuma wanavyowaita mabinti wao kwa mapenzi. Akawaambia wenzake, "Huyu ndiye aliyeichora mashine. Mdogo wangu, tumbo moja."

Wenzake wakacheka wakidhani anatania. Mwenye shimo hakucheka. Alinitazama miguuni kwanza, kisha akamgeukia mwalimu. "Binti abaki kule kwa mama ntilie. Mwanamke akifika shimoni dhahabu inakimbia, mwalimu, hata wewe unajua." Mwalimu, mtu aliyetufundisha kwamba kitu hakikimbii bila kusukumwa, alitikisa kichwa kukubali.

Nikamvuta kiongozi wetu pembeni. Nikamwambia, "Mkishafunga, pandisheni mawe, halafu muachie. Mara tatu. Msimshushe mtu kabla ya hapo."

"Nimekuelewa," akajibu.

Nikaketi kwa mama ntilie, kama hatua mia kutoka shimoni, nikamsaidia kuosha sahani maana nilishindwa kukaa bure. Alikuwa mama wa Kisumbwa mwenye maneno machache. Kutoka pale niliona migongo tu. Niliona wanafunga. Niliona wanajaribu, halafu wanasimama, wanainama, wanabishana kwa muda mrefu. Mwalimu alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nilinyanyuka. Mama akaniambia, "Kaa, mwanangu, usijitafutie matusi." Nikakaa. Baada ya kitambo mzigo wa mawe ukapanda, watu wakapiga makofi, nami nikapiga makofi yenye povu la sabuni.

Kiongozi alipokuja kula nikamuuliza, "Kidole kilishika?"

"Kilishika."

"Mara ngapi?"

"Wewe nawe. Si nimekwambia kilishika?"

Alikula ugali wake bila kunitazama. Nilidhani ni maringo.

Mchana kaka akashuka shimoni kazini. Siku zote winchi ilishikwa na wanaume wawili, lakini siku hiyo mwenye shimo alimtoa mmoja akampeleka kuponda mawe, kwa kuwa mashine ya wanafunzi, alivyoambiwa, inasimama yenyewe. Aliyebaki alimshusha kaka salama. Jioni akawa anampandisha. Kaka alipokaribia kutoka, mtu mmoja akampa yule mzungushaji sigara. Naye akaachia mkono ili aipokee. Kwa nini asiachie? Alikuwa ameaminishwa.

Nilisikia gogo linavyovuma, kisha kelele za watu. Nilikimbia, na safari hii hakuna aliyenizuia.

Ndiyo siku niliyoiona winchi kwa mara ya kwanza, na niliisoma yote kwa kupepesa jicho. Kamba ilipita chini ya gogo. Wachimbaji wa pale hufunga hivyo ili mzungushaji avute kuelekea kifuani, asije akajirusha shimoni kwa uzito wake mwenyewe. Wana akili kuliko mimi. Kwa hiyo gogo lao huzunguka kinyume cha kisima, na kidole chetu, badala ya kuzuia mzigo usirudi, kilizuia usipande. Ndiyo maana walisimama na kubishana. Dawa yake ilikuwa kulifungua gurudumu na kuligeuza upande wa pili, kazi ya spana moja na robo saa. Lakini aliyejua hivyo alikuwa anaosha sahani, na kumwita kungekuwa kukiri mbele ya wanaume wote wale kwamba fundi ni yule msichana waliyemfukuza. Basi wakakiinua kidole juu, wakakifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili mawe yapande na makofi yapigwe. Mizunguko mitatu na ncha imefichwa ndani: hivyo ndivyo kiongozi wetu alivyofunga begi lake kwenye baiskeli kila siku.

Mficha uchi hazai, wanasema. Mwalimu wetu alificha wake, kaka yangu akavunjika uti wa mgongo.

Hakufa. Walimtoa akiwa hai, akalazwa miezi minne, na tangu hapo hajatembea. Wachimbaji walisema ni mkosi wa mwanamke aliyeletwa karibu na shimo, na mwenye shimo akataka tuondoke kabla ya giza. Yaani hata ajali ile, ambayo sikuruhusiwa kuizuia, nilipewa mimi.

Kwenye baraza la hospitali mwalimu alikaa kando yangu. Alikuwa amelia, na sitasema alilia uongo. Aliniambia maji yakimwagika hayazoleki. Aliniambia shule ikijua kwamba tulikwenda machimboni bila kibali, yeye atafukuzwa, wavulana watafukuzwa, na mimi pia. Kaka hawezi tena kunisomesha. Nikinyamaza, nitahamia kwake nimsaidie mkewe kazi za nyumbani, ada atailipa mwenyewe, na nikimaliza kidato cha nne ataniandikia barua ya kuniombea nafasi chuo cha ufundi. "Una kipaji," alisema. "Kisizikwe na jambo hili."

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilifikiri kwa muda wa kuhesabu vigae vya lile baraza, kisha nikasema, "Sawa, mwalimu."

Tukaingia wodini. Mwalimu akamweleza kaka kwamba meno ya gurudumu yaliteleza, kwamba mashine za majaribio ndivyo zilivyo. Kaka akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kukubali, sawasawa na mwalimu alivyomtikisia mwenye shimo.

Mwalimu alitimiza kila alichoahidi. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, angekuwa mwongo ningemchukia na kupumzika. Barua aliyoniandikia ilikuwa nzuri mno. Iliniingiza chuoni, chuo kikanipa kazi, na mpaka leo nafundisha ufundi mitambo. Mmoja wa wale wavulana ana duka la nguo Buseresere, na nasikia hata kitasa kikiharibika huita fundi. Mwingine alihama, sijui aliko. Kiongozi wetu akawa mhandisi, makampuni makubwa yalipoingia Geita yakamgombania. Sasa kuna shule zina klabu za roboti za kweli, zenye mota na kompyuta, naye huitwa kuwapa watoto moyo. Huwaambia kwamba klabu ndiyo iliyomfanya alivyo, kwamba huko ndiko alikojifunza kufanya kazi kwa ushirikiano na kutatua tatizo likitokea ghafla. Nilimsikia kwa masikio yangu, nikiwa nimekaa safu ya tatu, nimealikwa kama mwanaklabu mwenzake. Nami nikapiga makofi. Ni kweli, klabu ilitulea. Alijifunza kufunga kidole kwa mpira, nikajifunza kunyamaza, na wote wawili tumekula mshahara wa masomo hayo maisha yetu yote.

Kaka anaishi kwangu. Anatengeneza redio, amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu, wateja humsubiri barazani. Wageni wakija huwaambia mdogo wake ni fundi wa mitambo, na hajawahi, hata akilewa, kuitaja mashine ile kwa lawama. Miaka yote hiyo nilijipa sababu: nikimwambia nitamuumiza upya, amekwisha kusamehe, ya nini kufukua. Ukweli ni kwamba niliogopa aniulize kwa nini nilinyamaza, maana jibu ni kazi yangu, nyumba yangu, hata mchele anaokula.

Mwaka jana nikamwambia. Ilikuwa Jumapili baada ya chakula, hakuna kilichotokea, nilichoka tu. Nikamweleza kamba, kidole, kipande cha tyubu, mwalimu kule barazani, barua. Nilisema yote bila kusimama, nikamaliza, nikasubiri matusi niliyoyastahili.

Alikuwa ameshika kisu cha kuchunia waya. Alikiweka mezani.

"Kile kimpira nilikiona, mayu," akasema. "Kabla sijashuka. Nilikigusa kabisa. Nikataka kuuliza mbona kidole kimefungwa. Halafu nikajiambia, mdogo wangu ndiye aliyechora. Kama kimefungwa, kasema kifungwe."