Sanduku la Nekesa na Koti la Baba Yake

Bado naiona siku ile ya Juni, miaka ya tisini, Nekesa alipopanda juu ya sanduku lake na kulikalia ili zipu ifungike. Tulikuwa tukiishi pamoja kwenye fleti moja ya Lewisville, wasichana wawili kutoka Kenya, wote manesi katika nyumba ya kutunzia wazee. Joto la Texas linatuchoma, jasho linatutoka, naye anarukaruka juu ya mzigo kama mtoto juu ya kitanda. Nikamwambia, "Nekesa, punguza nguo." Akanijibu, "Wewe vuta zipu. Maneno baadaye."

Mwanangu, nakusimulia haya kwa sababu nimeingia chumbani kwako nikakuta masanduku mawili ya safari yako ya Ulaya wazi kitandani na la tatu sakafuni, nawe unaniambia, "Auntie, relax, it's just summer." Kiangazi cha wapi? Umekulia hapa DeSoto, ambapo mwezi wa saba viatu vinataka kushikana na lami, ukadhani dunia nzima ni hivyo. Kaa chini. Na usinikodolee macho, nimechoka kubishana nawe tangu asubuhi.

Safari yetu haikuwa ya kutembea tu. Nekesa hakuwa amemwona baba yake tangu alipoondoka Bungoma kuja kusoma. Kwa miaka mingi karatasi zake hazikumruhusu kutoka Amerika, na Mzee, mwalimu mstaafu, alikuwa amenyimwa viza ya kuja huku zaidi ya mara moja. Hatimaye Nekesa akapata pasipoti, na wakati huohuo parokia ya nyumbani kwao ikawa inaandaa hija ya kwenda Roma. Basi wakapatana kwa simu: baba atafika Roma na wenzake, binti atamkuta huko. Mimi nilikuwa msindikizaji. Tungeshukia Uholanzi, tuteremke kwa treni tukiona nchi za watu, na Roma iwe mwisho wa safari.

Ndani ya sanduku lile mlikuwa na magauni yasiyo na mikono, kila siku na rangi yake, na viatu vya visigino vya kulingana nayo. Leso za kujitanda ambazo mama yake alimsisitizia asizisahau zilikuwa chini kabisa. Sweta hakuna. Koti la mvua hakuna. "Ni summer," alisema, kwa sauti ileile uliyoitumia wewe sasa hivi.

Treni za kule hazimngojei mtu. Na stesheni zenyewe ni ngazi, ushuke hizi, upande zile. Tulilibeba sanduku kama watu waliobeba jeneza, mmoja mbele, mmoja nyuma, watu wakitupita na vibegi vyao mgongoni. Tulipofika milima ya Uswisi mvua ikanyesha mchana kutwa, na baridi ikawa kama ya Limuru mwezi wa saba. Nekesa anatetemeka ndani ya gauni la maua, vidole vya miguu vikiwa nje. Mimi nilikuwa na sweta moja. Tukaivaa kwa zamu, ingawa zamu zake zilikuwa ndefu kuliko zangu. Tulipofika Milano gurudumu la sanduku likang'oka. Maneno niliyomwambia pale siwezi kuyarudia mbele ya mtoto.

Roma tukakuta joto kali. Mzee alikuwa akitusubiri nje ya nyumba ya masista walikofikia mahujaji, na nilipomwona nilidhani macho yangu yana kasoro. Alikuwa amevaa suti ya sufu, tai, sweta ndani, na juu yake koti refu zito alilolishonesha kwa fundi wa Bungoma, kwa sababu kila mtu alimwambia Ulaya ni barafu tupu. Nekesa alimkimbilia. Wakakumbatiana, wakalia palepale barabarani, nami nikalia pia.

Baadaye Nekesa akasema, "Baba, vua koti, utaungua."

"Koti hili limeshonwa kwa ajili ya Ulaya," akajibu. "Kwani hapa ni wapi?"

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho kwa kundi lao. Wenzake walikuwa wameshaliona lile kanisa kubwa la Papa, lakini yeye aliwaambia hataingia bila binti yake. Miaka yote akifundisha katekisimu alikuwa na picha ya kanisa lile ukutani, akiwaonyesha watoto dari na nguzo zake. Tukaamka mapema, tukapanga foleni juani. Tulipofika mlangoni, mlinzi akamtazama Nekesa, akanyoosha kidole kwenye mabega yake yaliyo wazi, akatikisa kichwa. Hapana.

Nikamsihi Mzee aingie. "Baba, wewe ingia, sisi tutakusubiri."

"Nimetoka Bungoma niingie peke yangu?"

Nekesa akakimbilia basi kwenda kuchukua leso iliyokuwa chini kabisa ndani ya sanduku, amevaa visigino, kwenye barabara za mawe. Sisi tukarudi mwisho wa foleni. Hapakuwa na kivuli. Nikamwomba Mzee avue koti, nikamwomba tena, nikamwambia mimi ni nesi na najua ninachosema. Akasema hajawahi kuvuliwa nguo barabarani na mwanamke, na hataanza uzeeni. Mwanangu, nilitaka kulia kwa hasira. Binti kavaa nusu, baba kavaa nguo za watu wawili, nami niko katikati yao bila la kufanya.

Kisha akaegemea bega langu. Jasho likakauka usoni, akaniita kwa jina la mkewe, akaanguka.

Nililirarua lile koti, vifungo vikaruka. Nikafungua tai, nikapiga kelele za kuomba maji kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote. Mama mmoja wa Kitaliano akammiminia chupa nzima shingoni, mwingine akamkinga jua kwa mwavuli. Nekesa alirudi na leso mabegani, akakuta baba yake anapakiwa kwenye ambulensi.

Mzee alipona. Jioni, kwenye wodi, alifungua macho akamtazama bintiye. "Umevaa kama mtu anayekwenda kupigwa picha," akasema.

"Na wewe Baba umevaa kama mtu anayekwenda kuwinda dubu!"

Nilidhani watagombana. Lakini Mzee akasema, "Simu zote zile tulizopigiana. Tumezungumza mahindi, tumezungumza ng'ombe. Hakuna aliyemuuliza mwenzake huko Roma kukoje." Akageukia ukuta. Nekesa akamshika mkono, hakuuachilia.

Kanisani hakuingia. Daktari alimkataza kutembea juani, na alipopata nafuu alitoka hospitalini moja kwa moja hadi uwanja wa ndege. Alimwambia Nekesa aende aingie yeye, amsimulie. Nekesa akakataa. Mzee alifariki kabla hawajapata nafasi nyingine. Nekesa yuko Houston sasa, ana wajukuu, na hadi leo wakionyesha Roma kwenye televisheni huinuka akaenda jikoni.

Basi usinieleze tena kwamba unataka nguo za kupigia picha. Chukua begi moja, lile utakaloweza kupanda nalo ngazi peke yako bila kumwita mtu. Weka suruali, blauzi zenye mikono, sweta, na lile koti jepesi la mvua linalokunjika. Viatu uvae vile ulivyovizoea, si vipya vya kukutoa malengelenge siku ya kwanza. Nguo chafu utafua kwenye sinki jioni, hujavunjika mikono. Leso ikae kwenye mkoba wako wa kila siku, unasikia? Na kila mji utakaokwenda, muulize mtu aliyeko huko kukoje, usijijibu mwenyewe ukiwa Texas. Ukisafiri na mzee, mkaguliane nguo mkiwa bado ndani ya nyumba, kwa upole, kabla hajatoka mbele za watu akawa na heshima ya kulinda.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kila stesheni, akukutanishe na watu wema, akupe macho ya kuona na miguu isiyochoka, akurudishe kwetu ukiwa mzima na unacheka. Amina. Haya, anza kupunguza.