Sheria ya Matofali

Mwaka ule wa vita nilikuwa ninafundisha sivisme, somo la uraia, katika sekondari moja ya Kamina. Zamu ya somo la bunge ilipofika, nchi haikuwa na bunge. Lilikuwa limefungwa, na wabunge wake wamerudi nyumbani kuwa watu. Lakini programu ilitaka tufundishe jinsi sheria inavyozaliwa, na mimi ni mtu wa programu. Nilieleza. Nikachora mishale ubaoni. Nikaeleza tena, polepole, maana siku zote nimeamini kwamba hakuna mtoto asiyeelewa, kuna maelezo ya haraka tu. Walinitazama kama watu wanaosimuliwa ladha ya samaki ambaye hajafika sokoni.

Nikaamua tucheze bunge. Wao wawe wabunge, mimi mkuu wa nchi, na sheria waichague wenyewe. Nilitegemea wangechagua usafi wa uwanja. Msichana mmoja wa nyuma akasimama, akasema anataka sheria ya kukaa.

Alikuwa na sababu. Askari waliolala shuleni kwetu wiki mbili, wakielekea upande wa mapigano, walikuwa wamefanya mabenchi yetu kuni za kupikia. Yalibaki manane, yakakaliwa na waliofika mapema au waliokuwa na baba mwenye cheo. Wengine walikaa nyuma juu ya matofali, daftari juu ya magoti. Kiti kilikuwa kimoja, changu.

Msichana huyo alikuwa mtoto wa wakulima wa upande wa Kabondo-Dianda, amefikia kwa shangazi yake mjini. Kichwa chake kilikuwa chepesi, ila daftari lake halikuwahi kumaliza somo. Daima lilikosa mistari ya mwisho. Daftari lina pointi zake, na mara mbili nilikuwa nimempa sifuri. Sifuri ya tatu ingemrudisha darasa lile lile, na baba yake alikwisha kusema kwamba anayerudia darasa anarudi shambani. Mimi si mtu mkali. Chini ya kila sifuri niliandika kwa wino mwekundu: “Jitahidi, binti yangu. Unaweza.”

Sheria yake ilikuwa na sentensi moja: kila juma, wa benchi ahamie pa tofali, na wa tofali ahamie pa benchi.

Rais wa bunge, yaani spika, alikuwa kijana wa benchi la kwanza, ambaye baba yake alikuwa ofisa kule Base, kambi ya jeshi. Ndipo nilipogundua jinsi watoto hawa walivyosikiliza redio miaka ile ya mikutano mikubwa ya Kinshasa. Neno “mosio”, yaani hoja, sikuwafundisha. Walikuja nalo kutoka nyumbani, kama chawa.

“Mosio!” akasema mmoja wa benchi la pili.

“Mosio ya nini, Honorable?”

“Ya utaratibu. Honorable ule anasema akiwa amesimama. Hatujapiga kura kama bantu ba matofali banaweza kusimama.”

“Bunge inakubali. Honorable, ikala.”

“Niikale pa nini?” akauliza msichana.

Masomo matatu yaliisha kwa mosio. Mmoja alitaka kwanza bunge liseme tofali njo kitu gani. Mwingine akaomba komisio ya kuchunguza matofali. Komisio ikatoka nje kuyachunguza, ikarudi kengele inapolia, imeshika miwa. Mimi nilikaa kwenye kiti changu nikifurahi. Nilijiambia kwamba wanajifunza, na kweli, walikuwa wamejifunza kuliko nilivyotaka.

Mwishoni, kijana yule wa benchi la pili akapata dawa ya kuiua sheria. Alisimama na uso wa padri.

“Honorable Rais, sheria inagusa bantu bote, ao haiko sheria. Tuongeze: hata kiti ya Prof.”

Mabenchi wakacheka. Walijua mkuu wa nchi ni nani, na anakalia nini. Rais akamtazama msichana, akingoja akatae.

“Minyi nakubali,” akasema.

Sheria ikapita. Karatasi ikaletwa mezani kwangu ili nisaini, nami nikaitia katika mkoba. Ilikaa mle siku nane. Nilipoulizwa, nilisema mkuu wa nchi anatafakari. Nilipoulizwa tena, niliirudisha kwa bunge liijadili upya, kwa kuwa lugha yake, nilisema, haikuwa safi. Nilieleza jambo hilo kwa upole mwingi.

Msichana aliinua mkono.

“Prof, njo mwenyewe mulitufundisha. Mukubwa akirudisha sheria, na bunge ikiipigia kura tena vilevile, anasaini.”

“Nilisema hivyo, mama?”

“Mulichora na mushale.”

Wakapiga kura tena. Nilitegemea mabenchi waniokoe, kwa kuwa hasara ilikuwa yao pia. Waliinua mikono kabla ya matofali. Kuna watu watakaokubali kukaa chini mwezi mzima, mradi wamwone mkubwa akikaa nao siku moja.

Nikasaini.

Jumatatu kiti changu kilimwangukia msichana. Niliandika somo kama kawaida, kutoka juu ya ubao hadi karibu na sakafu, maana jambo kubwa mimi hulihifadhi kwa mwisho, kule chini. Kisha, badala ya kukaa na kungoja wanakili, nikaenda nyuma nikajishusha juu ya matofali yangu mawili.

Niliona mistari mitatu. Chini ya hapo niliona masikio. Nikainamia kulia, na kichwa cha mbele yangu nacho kikainamia kulia. Nikamwuliza jirani yangu wa tofali, ambaye zamu yake ya benchi ilikuwa haijafika, kwa sauti ndogo, pale chini nimeandika nini.

“Mujitahidi, Prof,” akasema, bila kuacha kuandika. “Munaweza.”

Somo lilipoisha niliomba madaftari ya wote waliozoea matofali. Nikayapanga mezani, nikayafungua masomo ya majuma yaliyopita. Katika yote, maneno yangu yaliishia mstari ule ule, kama alama ya mafuriko ukutani. Wengine walikuwa wamejaza mwisho wa somo kwa mambo ya kubuni, na hao nilikuwa nimewapa pointi nzuri. Yeye hakubuni kitu. Aliacha nafasi nyeupe.

Nikamwita, nikazikata sifuri zake mbili mbele ya macho yake, nikaandika alama mpya. Kisha nikapeleka kalamu kwenye maneno yale mekundu, nayo niyakate.

Aliweka kidole juu yake.

“Ile muiache, Prof,” akasema.