Kigelegele si Mayowe

Sauti aliyoiandika yule bwana wa gazetini ilikuwa yangu. Naanza na hilo ili usihangaike kutafuta.

Mdogo wangu ni muuguzi Houston, anaishi mtaa wa Sharpstown, na anaimba. Mwaka huu aliingia shindano la uimbaji la televisheni ambalo Waingereza nao hulitazama. Raundi ya kwanza ilirekodiwa Dallas, nami ninakaa Euless, jirani na hapo, kwa hiyo nilikuwa safu ya tatu. Aliimba wimbo wake mwenyewe, wa taratibu, kwa Kiswahili. Alipoishikilia noti ya mwisho hadi nikahisi pumzi yangu ndiyo inayokwisha, nilisimama nikapiga kigelegele. Kirefu. Watu wakageuka, wengine wakacheka vizuri tu, yeye kule jukwaani akatabasamu.

Huko London kuna mwandishi wa gazeti la udaku ambaye kazi yake ni kuhakiki muziki na vipindi vya televisheni. Kila wiki huchagua mtu mmoja wa kumchinja. Wiki ile aliandika kwamba mwimbaji ni muuguzi, kwa hiyo amezoea kuwatesa watu. Akaongeza kwamba mwanamke mmoja ukumbini alishindwa kuvumilia, akapiga mayowe, na kwamba huyo ndiye mhakiki pekee mwenye akili mle ndani.

Mayowe!

Mimi ni mtu wa kueleza. Kazini wageni huletwa kwangu wafundishwe, na mtu akiuliza jambo lile lile mara ya nne namjibu kama ndiyo kwanza aulize. Basi nieleze. Mayowe hutoka kooni, mdomo umeachama. Ni sauti ya mwizi, moto, msiba. Kigelegele ni kazi ya ulimi: unacheza upesi kutoka shavu hili hadi lile, na sauti inapanda juu, nyembamba, inang'aa. Hupigwa mtoto anapozaliwa, bibi harusi anapotolewa ndani, mtu wako anapofaulu. Jaribu mwenyewe, mara ya kwanza utatema mate tu, usione haya, sote tulianza hivyo. Lakini jaribu kukipiga ukiwa na uchungu, uone kama ulimi utakubali.

Mhakiki angeweza kuuliza. Uhakiki ni kusikiliza kwanza, kisha kusema umesikia nini, hata kama ulichosikia hukukipenda. Angesema wimbo ni mrefu, ningenyamaza. Yeye alisikia asichokijua akakipa jina la kitu anachokijua, akalipwa, akaenda kula chakula chake cha mchana. Hasira niliyokuwa nayo sikuwahi kuwa nayo hata kwa mtu aliyenigongea gari.

Kisha mdogo wangu akapiga simu. Raundi ya pili ilikuwa Houston.

"Dada, mje, wewe na mama. Ila pigeni makofi tu. Please."

"Makofi tu?"

"Watu wanani-tag na ile clip. Kazini wananiuliza nani alikuwa analia."

"Waeleze."

"Dada, wewe unaeleza vizuri. Lakini yule anasomwa na nchi nzima, wewe unasomwa na mimi."

Mama, ambaye alikuwa amekuja kumlea mjukuu na siku hizo alikuwa kwangu, aliinyakua simu. "We mtoto! Ulipozaliwa nilipigiwa saba. Nivirudishe?"

"Mama, jamani."

"Haya. Makofi. Kama mkutano wa diwani."

Tukaenda. Aliimba vizuri kuliko Dallas, nakuapia, na sisemi kwa undugu. Alipomaliza nilibana midomo mpaka taya likauma, nikapiga makofi kama nilivyoombwa. Makofi ya watu wengine nayo yalikuwa mengi. Majaji wakampitisha. Mama aliketi mikono mapajani, hakuyapiga hata hayo makofi.

Tukarudi Sharpstown kwa gari langu, mdogo wangu mbele, mama nyuma. Karibu na kwake mdogo wangu akasema, akitazama dirishani, "Nilikosea wapi?"

"Wapi wapi? Umepita!"

"Pale mwisho. Nilipomaliza mkawa kimya. Nikasema basi, nimeharibu, dada yangu anajua muziki, ameona. Nimesimama pale wananisifu, siwasikii."

"Ulisema makofi," mama akasema.

"Najua nilisema nini, mama."

Akaanza kulia, polepole, bado amevaa gauni la jukwaani. Nilitaka kumweleza kwamba hakukosea popote, noti kwa noti, kwa sababu nilizisikia zote. Nilianza. Sauti ikatoka ya hasira, kama kwamba ninamgombeza yeye, nami sikuwa ninagombana naye. Nikaegesha gari, nikamshika mkono, nikaanza upya.