Nilirudisha Choki ya Zamani, Nikamsingizia Mkwe

Nimekosa. Nasema mapema kabla sijabadili mawazo, maana najijua.

Mimi shule niliishia darasa la pili. Lakini soko la pamba lilipofunguliwa, sisi watu binafsi tukaruhusiwa kununua, nilinunua, nikauza, nikajenga hapa Bariadi mjini. Mbele ya nyumba nikapanda maua. Katikati ya maua nikasimamisha nguzo yenye taa ya tyubu, nikaifunga kwa mikono yangu. Mtaa mzima hakuna aliyekuwa na taa ya kumulika maua!

Shida ilikuwa jioni. Kila mtu akiwasha umeme, nguvu inapungua. Taa yangu inapepesa kama jicho lenye mchanga, choki, kile chuma cha kutuliza umeme wa tyubu, inanguruma, stata za kuiwashia zinakufa moja baada ya nyingine. Wageni wanakaa bustanini huku wanapepesa nayo.

Mkwe wangu, aliyemuoa binti yangu mkubwa, ni fundi umeme. Akaniambia, "Baba, tutoe choki na stata. Siku hizi kuna balasti ya elektroniki, hiyo moja inafanya kazi ya zote mbili. Hata umeme ukiwa mdogo inawasha."

Akaifunga. Ni kitu chepesi kama kipande cha sabuni. Akabonyeza swichi, taa ikawaka papo hapo, bila kelele. Choki ya zamani akaniachia mezani.

Alipoondoka nikaipima choki mkononi. Nzito! Chuma kitupu! Nikawaza: hivi mtu anatoa chuma na kuacha sabuni? Sisi huku ng'ombe mgeni hatumwachii jembe peke yake. Unamfunga nira moja na maksai mzee, mzee anamfundisha. Basi nikaona dawa ni hiyo.

Mke wangu akanishikia kiti nipande. "Mzee, si fundi kasema itolewe?"

"Fundi nani? Taa hii nani aliifunga?"

"Wewe. Ndiyo maana ilikuwa inapepesa."

Nikamwambia ashike kiti, asishike mdomo wangu. Umeme nilizima kwanza, sikuwa mjinga kiasi hicho. Balasti nikaiacha, nikapitisha waya wake kwenye choki, stata nikairudisha pale pale, nikafunga kwa fundo la kufungia nira. Nikawasha.

Paa! Moshi, harufu ya plastiki, giza. Maksai mzee kamuua mwenzake.

Jumapili yake wakaja wenzangu wanunuzi wa pamba. Chai imemiminwa, jua linazama, mmoja wao wa Binza kule Maswa akauliza, "Hii ndiyo taa uliyotusifia? Mbona imelala kabla yetu?" Wakacheka.

Mkwe wangu alikuwa ndiyo kwanza anaingia. "Mwadila, baba." Hata salamu sikumwitikia.

"Muulizeni huyu," nikasema. "Mkwe wangu mwenyewe kaniwekea feki! Mali za soko huria hizi, na mafundi wake wa soko huria!"

Mke wangu akaniangalia. Nikaangalia maua.

Kijana akainamisha kichwa. Kwetu mkwe habishani na baba mkwe, tena mbele za watu. Nilijua hilo. Nilijua kabisa! Akasema tu, "Samahani baba, nitaiangalia."

Kumbe yule wa Binza alikuwa amemwahidi kazi ya kufunga umeme nyumba yake mpya yote. Akampa mtu mwingine. Maneno yakazunguka mjini: fundi anayemwibia hata mkwewe! Wateja wakakauka.

Kesho yake ile Jumapili, mkwe alikuja akafungua taa. Akaliona fundo langu. Akalikazia macho muda mrefu, akalifungua taratibu, akatoa choki na stata, akaweka balasti nyingine ya kwake. "Itawaka sasa, baba." Basi.

Baada ya mavuno wakahamia Mwandoya, yeye, binti yangu na wajukuu wangu watatu, kutafuta mahali ambapo jina lake halijachafuka. Nyumba yangu ikanyamaza. Miezi nimekaa na kiburi changu, chakula cha watu watano, sisi na wajukuu, tunakula wawili.

Mwisho nikaenda huko kwa mkwe wangu. Nikamwambia, "Nimekukosea." Akashtuka kama nimemvulia nguo. "Hapana baba, wewe hujanikosea." Sasa mtu kama huyo utamwombaje msamaha?

Binti yangu ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani. "Baba, yeye hawezi kukwambia. Mimi nimezaliwa na wewe, naweza. Ulimkosea. Na usituletee sisi hayo maneno, kawaambie wale uliowaambia."

Nikawaita wale wale, kwenye viti vile vile. Nikaeleza yote, nira na fundo na moshi. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai mapajani. Wacheke, nilistahili.

Yule wa Binza hakucheka. Akasema, "Nimekuamini, mzee. Lakini nyumba yangu ilishamalizwa."

Wazee wenzangu mnaosoma hapa, kijana anayekuinamia hajakubali kosa, amekuheshimu tu. Usimtwishe lako! Na ukishamtwisha, liseme siku hiyo hiyo, wageni wakiwa bado wamekaa. Mimi nilingoja hadi mavuno yakapita.