Pigo Lisilo na Ukurasa

Kila asubuhi saa kumi na mbili kasorobo, kabla kahawa haijachemka, Mjomba Vendel hutoka kwenye roshani ya ghorofa ya pili, kandambili miguuni na rungu mkononi. Hupiga hewa mara kumi na mbili, kila mara akitupa mguu wa kushoto pembeni, kisha hutazama juu na chini kama mtu aliyeiba kuku. Boglárka, anayekaa ghorofa ya tatu ng'ambo ya ua, alikuwa amemwona hivyo majira yote ya baridi, na hakujua mzee yule aliogopa nini.

Vendel alikuwa fundi wa lifti katika mji wa Győr, umri miaka hamsini na minane. Jumanne na Alhamisi jioni alifundisha chama chao kidogo cha mapigano ya kale katika ukumbi wa mazoezi wa shule. Wengine walishika panga ndefu, kama kitabu cha bwana mmoja wa Kijerumani kilivyoelekeza. Yeye alipenda shoka la mkono mmoja na rungu, silaha ambazo kitabu hakikuzigusa, akazivisha mbinu za upanga.

Boglárka ndiye aliyekuwa msomaji wa chama. Kijerumani cha miaka mia tano iliyopita alikisoma kama wenzake wasomavyo bei za dukani. Jumapili vyama vya miji mitatu vingekuja kutazama, naye angesimama mbele yao na kutaja ukurasa wa kila mbinu. Hakuwa na kingine cha kujivunia ila neno lake kuaminika. Ikigundulika moja ni ya kubuni, wangemcheka, na asingefungua tena kinywa mbele yao.

Na ile ya mguu wa kushoto hakuwa ameiona popote.

"Mjomba, hii sijaikuta kitabuni," alimwambia Jumanne.

"Utaikuta. Soma tena."

"Nimesoma mara tatu."

"Basi soma ya nne. Kitabu ni kama maharage, hakiivi kwa kutazamwa."

Zsombor, dereva wa lori la mikate, alicheka huku akivaa glavu. "Bogi atapigana kwa tanbihi. Adui atakufa kwa usingizi."

Jioni ile Boglárka alianza kumchunguza mzee. Akakumbuka kwamba majira yote ya baridi, kila Vendel alipofika kwenye hatua ile, alimtuma yeye akalete maji, au chaki, au ufunguo wa stoo. Akirudi, somo limekwisha, na wote wanatazama sakafu.

Alhamisi akamtegea. Alichukua rungu la mazoezi, akamwomba Zsombor amjie na shoka la mpira, akasimama kama kitabu kinavyotaka kwa upanga: lipokee pigo karibu na mkono wako, ling'ang'anie, lisukume.

Vendel alipoona mahali Boglárka alipokusudia kukingia, uso ulimbadilika.

"Hapo sipo, binti. Ondoa mkono."

"Kitabu kinasema hapa."

"Zsombor, ngoja kwanza."

Zsombor alikuwa ameshashusha pigo. Shoka lilikutana na mpini likateleza hadi chini. Upanga una chuma cha kulinda vidole. Mpini wa rungu hauna kitu, na shoka lilikuta dole gumba la Boglárka likilisubiri.

Wakamkalisha kwenye benchi. Vendel alipiga magoti, akamvua glavu taratibu, akalikunja dole mara mbili.

"Halijavunjika," alisema. "Litavimba tu. Zsombor, kalete barafu."

"Nisamehe, Bogi," alisema Zsombor, kwa mara ya kwanza bila utani, akatoka.

Boglárka alitazama kichwa cha mzee kilichoinama. Sasa aliijua kazi ya ule mguu wa kushoto: ulikuwa unauhamisha mkono kabla shoka halijateleza. Mbinu ilikuwa nzuri, nzuri kuliko ya kitabu. Lakini uzuri wake haukumwambia ni ya nani, na Jumapili ilikuwa imebakiza siku tatu tu.

"Mjomba," akasema, "imo kitabuni au haimo?"

Vendel aliiweka glavu juu ya benchi.

"Haimo," alisema. "Niliitunga mwenyewe, na wewe ndiye niliyeogopa kukuambia."